Jani la Kwanza Hufanana na Nyasi

Nilipoteza miche tisa asubuhi moja, na kijana aliyeing'oa hakuwa na kosa. Nilimwomba anipalilie uani kabla mvua za Machi hazijashuka, naye akapalilia kwa bidii, akayakusanya magugu yote rundo moja karibu na ua wa michongoma. Jioni nilipochungulia ndani ya makopo niliyokuwa nimeyapanga chini ya mwembe, nilikuta udongo mtupu uliosawazishwa vizuri. Mikindu yangu, ambayo niliisubiri wiki tisa ichipue, ilikuwa imelala kwenye rundo pamoja na sangari na ndago. Nilipoichambua mmoja mmoja ndipo nikaelewa. Jani la kwanza la mkindu ni ukanda mmoja mwembamba wa kijani uliosimama wima kama nyasi. Halina miiba, halijachanika, halina dalili yoyote ya mti utakaokuja. Yeyote aliyefundishwa kupalilia angeling'oa.

Siku hizi kila kopo langu lina kijiti chenye kitambaa chekundu. Lakini hasara ile ilinifanya niutazame mji wangu upya. Kisumu imejaa miti ya jamii ya mnazi; wauza miche wetu huiita yote pamu, neno moja kwa aina zote. Ipo mbele ya hoteli zinazotazama ziwa, ipo kwenye vituo vya mafuta, kwenye nyua za makanisa, kwenye malango ya nyumba mpya za Riat, na kandokando ya barabara ziendazo Busia, Kakamega na Ahero, ambako imepangwa kwa kimo kama wanafunzi kwenye gwaride. Karibu yote tuliikuta imeshakuwa miti. Wengi wetu hatujawahi kuona mbegu yake ikipasuka. Tunanunua shina na makuti, tunapanda kama tunavyoweka kochi sebuleni, na tunaiua kwa wingi.

Nakumbuka wiki zilizotangulia Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa kuanzia tarehe 17 hadi 21 Mei 2022. Mji ulikuwa ukipakwa rangi, na kila mwenye jengo alitaka mbele ya mlango wake pawe na kijani kabla wageni hawajashuka uwanja wa ndege. Niliona pikapu ikipita na pamu nne zenye shina la kimo cha mtu, makuti yamefungwa kamba juu, na chini yake bonge la udongo lisilozidi karai. Niliendelea kuzitembelea mahali zilipopandwa. Kabla mwaka haujaisha, mbili zilikuwa zimekauka. Mji unaosubiri mgeni hutaka mti uliokwisha kukua, na jamii ya mnazi haikubali kuharakishwa.

Sababu yake imo ndani ya shina. Macho yanakataa, lakini mnazi si mti kwa maana ile ya mwembe au mvule. Nasaba yake iko karibu zaidi na mahindi ya tambarare ya Kano na miwa ya Chemelil. Mwembe una utando hai chini ya gome, unaouongezea unene mwaka hata mwaka na kuziba majeraha. Ukiuchanja panga leo, baada ya miaka michache utakuta kovu. Mnazi hauna utando huo. Nyuzi zake zimetawanyika shina zima kama za muwa, na jeraha la leo litabaki wazi hadi siku mti utakapokufa. Ile misumari tunayoipigilia kwenye mashina ili kutundika mabango ya mikutano ya injili na picha za wagombea huacha matundu yasiyofunga. Maji huingia, uozo hufuata. Tena kila shina lina chipukizi moja tu, kule kileleni katikati ya makuti, ambalo watu wa Pwani huliita moyo. Moyo ukioza au ukiliwa, shina lile limekwisha. Halitachipua ubavuni.

Kiumbe cha namna hii ni vyema ukijue tangu utotoni mwake.

Mbegu iliyo rahisi kuliko zote inaingia nyumbani kwetu kila Ramadhani. Kokwa za tende hutemwa na kutupwa, ilhali ukiziosha utamu wote, ukazilaza majini siku mbili ukibadilisha maji kila siku, kisha ukazifukia kina cha pingili moja ya kidole, zitachipua ndani ya wiki tatu hadi nane kwa joto letu. Mbegu ya mtende hukauka bila kufa. Wanaakiolojia waliochimbua ngome ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, miaka ya 1960 walipata kokwa za tende za kale. Mwaka 2005 Sarah Sallon na Elaine Solowey wakazipanda tatu, na moja ikaota. Umri wake ulipopimwa ulionekana kukaribia miaka 2,000. Wakauita mtende huo Methuselah.

Lakini usiupande mtende Kisumu ukitarajia tende. Mvua yetu, milimita 1,300 hivi kwa mwaka, hunyesha hata katika miezi ambayo tunda la mtende lingehitaji ukavu, nalo huoza likiwa mtini. Halafu miche itokayo kwenye kokwa nusu yake huwa madume, na majike nayo hayafanani na mama. Ndiyo sababu wakulima wa Oman hawahangaiki na kokwa: huchukua machipukizi yaotayo chini ya shina la mtende wanaoujua kwa jina. Huku kwetu mtende ni wa kujifunzia mkono, na wa kivuli.

Mbegu nyingi za pamu tulizozizoea hapa zina tabia iliyo kinyume kabisa. Roya, ule mrefu wa shina jeupe laini kama nguzo ya saruji, asili yake Kuba na nchi jirani za Karibi. Areka, wa vishina vingi vya manjano unaowekwa kwenye vyungu vya mapokezi, asili yake Madagaska. Mbegu zao zikikaushwa juani na kusahaulika kwenye bahasha hufa kimyakimya. Watu hununua pakiti iliyosafiri miezi, wakapanda, wakasubiri, wakajilaumu kuwa mikono yao ina mkosi. Mkosi haupo. Mbegu ilikuwa maiti kabla haijafika. Bora utembee mjini ukitazama juu, uutafute roya wenye kichala kilichoiva hadi kuwa cheusi-zambarau, umwombe mwenye kiwanja, uokote chini bure.

Aliyenifundisha kusafisha mbegu ni mama mmoja mwenye kitalu njia ya kwenda Dunga. Nilimfikia na ndoo ya matunda niliyodhani yako tayari kupandwa. Aliniita nyathina, mwanangu, akaichukua ndoo bila kuuliza, akatia konzi mbili za mchanga wa mto na maji kidogo, akaanza kuyasugua matunda kwa viganja vyote viwili kama anayefua soksi. Nyama ya tunda ina kemikali zinazoizuia mbegu kuamka, na inapooza hualika ukungu. Alisugua, akamwaga maji machafu, akasugua tena, mara nne, hadi kokwa zikabaki tupu na kukwaruza. Kisha akajaza maji safi. Zilizozama akaziweka; zilizoelea, nyepesi zisizo na kiini, akazitupa. Nikamuuliza, je, nazi nayo ipimwe vivyo hivyo? Mama akacheka sana. Nazi yote huelea. Bahari ndiyo iliyoilea.

Tahadhari moja hapa haina mzaha. Ile pamu iitwayo mkia wa samaki, kwa jinsi vijani vyake vilivyokatika mfano wa mapezi, ina tunda lenye sindano ndogo mno za fuwele. Ukilisugua kwa mikono mitupu utawashwa hadi usiku, na mtoto akijifuta jicho ni balaa. Vaa glavu nene. Mti huo una jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: shina lake likianza kutoa maua, huanza juu na kushuka chini mwaka baada ya mwaka, na likimaliza kuzaa hufa. Hakuna dawa. Ndivyo ulivyoumbwa, kama mwale wa kwenye mabonde ya maji, ambao nao huzaa mara moja tu.

Baada ya kusafisha, kinachobaki ni joto na unyevu. Wapenda pamu wa London hununua mikeka ya umeme wailaze chini ya mbegu, kwa kuwa nyingi hutaka nyuzi 28 hadi 35 ndipo zishtuke. Sisi tuko kilomita chache tu kusini mwa Ikweta, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida hufika nyuzi 29 au 30. Mkeka wetu ni paa la mabati. Mimi hutumia mkebe wa plastiki wenye kifuniko: ndani naweka vumbi la makumbi ya nazi lililoloweshwa na kukamuliwa hadi lisidondoke tone, nachanganya mbegu, nafunika, naweka juu ya kabati la stoo ambalo halipigwi na jua lakini lapata joto la bati. Kila Jumapili nafungua, natazama, zinapata hewa. Zenye ukungu naziosha. Zenye mzizi wa urefu wa ukucha nazihamisha kwenye kopo. Washingtonia, pamu ya majani ya kipepeo kutoka kaskazini-magharibi mwa Meksiko, huanza ndani ya wiki mbili tatu. Areka huchukua mwezi hadi miwili. Roya ni mwezi mmoja hadi mitatu, na ndani ya mkebe uleule moja huamka Mei na ndugu yake Agosti, kwa hiyo usimwage mkebe mapema.

Kuota kwenyewe kuna namna mbili, na asiyezijua huvunja miche yake mwenyewe. Roya na areka huchipua palepale penye mbegu: mzizi chini, jani juu, umemaliza. Mtende na mkindu hufanya jambo la ajabu zaidi. Mbegu hutoa kwanza mkono mweupe unaopenya chini ya udongo, na ni kwenye ncha ya mkono huo, mbali kidogo na mbegu, ndipo mzizi na jani hutokea. Mpandaji huona kokwa haina kitu juu yake, huichomoa aitazame, na kumbe ameukata mkono uliokuwa umembeba mtoto. Mvumo, ule wa Pwani wenye shina lililotuna katikati, hupeleka mkono huo kina kirefu ardhini kabla ya kuonyesha chochote, ndiyo maana hupandwa mahali utakapozeekea. Kuuhamisha ni kuuchimbia kaburi.

Mbegu ya mchikichi ina usingizi mzito kuliko zote hizo. Vituo vya uzalishaji huiweka kwenye chumba cha joto la nyuzi 39 au 40 kwa siku 60 hivi, kisha huirudisha kwenye joto la kawaida na kuilowesha, ndipo huchipua ndani ya wiki chache. Ukiuliza hayo Kigoma, kwenye kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, watakueleza vizuri kuliko mimi, kwani tangu 2018 serikali ya Tanzania ilipoazimia kulifufua zao hilo, kazi ya kuamsha mbegu imekuwa yao. Mchikichi wa Kigoma una safari ndefu. Mbegu zake zilipelekwa Costa Rica, zikachanganywa na za Ekona ya Kameruni, ikapatikana aina inayovumilia ubaridi wa nyanda za juu, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likawaletea wakulima wadogo wa Magharibi mwa Kenya aina za namna hiyo. Mti uliozaliwa kando ya Ziwa Tanganyika ukazunguka dunia ili ufike jirani na ziwa letu. Upande wa Uganda wa ziwa hilihili, kisiwani Bugala katika Kalangala, michikichi ilipandwa kwa maelfu ya hekta kupitia mradi wa mafuta ya kupikia ulioanza 1998, na misitu ya asili ikakatwa kuipisha. Sitamani kuona hilo upande wetu. Mchikichi mmoja dala, nyumbani, wa kupata mawese ya mboga, huo naukubali.

Turudi kwenye kopo. Udongo wa Kano tulioukulia, ule mweusi wa mfinyanzi unaonata masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, una rutuba shambani lakini ndani ya kopo ni saruji. Mizizi ya pamu changa inataka hewa kuliko inavyotaka chakula. Bahati yetu ni kwamba Ahero ina mpunga, na penye vinu pana milima ya makapi ambayo watu huyachoma kuyaondoa tu. Yachome taratibu, uyazime kwa maji yakiwa bado meusi kabla hayajawa majivu meupe. Nachanganya sehemu moja ya makapi hayo, moja ya mchanga wa mto, moja ya samadi iliyoiva kabisa. Nasisitiza kuiva, kwa sababu mbolea ya kuku mbichi imeniunguzia miche kuliko jua. Gugumaji lililotusumbua ziwani tangu miaka ya 1990 nalo huwa mboji nzuri likiozeshwa miezi kadhaa. Kwa chombo, refu hushinda pana: dumu la mafuta ya kupikia la lita tatu, limekatwa kichwa na kutobolewa matundu chini, linafaa kuliko chungu cha duka.

Kisha huja kipindi kinachowashinda wengi. Mche hutoa majani mawili, matatu, manne, halafu huonekana umesimama. Mwaka unapita. Jirani aliyepanda mkaratusi siku hiyohiyo sasa anasimama kivulini mwake, na pamu yako bado iko chini ya goti. Watu huuhurumia, wakaumwagilia zaidi hadi ukaoza mizizi, au wakaurundikia mbolea, au wakautupa. Mche haujasimama. Kwa kuwa shina la jamii ya mnazi haliongezeki unene baadaye kama la mwembe, lazima lijenge upana wake wote kwanza, chini kabisa, usawa wa ardhi au ndani yake, ndipo lianze kupanda juu. Kwa aina nyingine kazi hiyo huchukua miaka. Tunachokiona kama uvivu ni mti unaoweka msingi wa mita 20. Pamu zile nne nilizoziona kwenye pikapu zilikuwa zimemaliza kipindi hicho mahali pengine, kwa jasho la mtu mwingine, na kwa panga la dakika kumi zikapoteza mizizi yote iliyofanya kazi hiyo.

Wakati wa kuhamia ardhini ukifika, mwanzo wa mvua za Machi ndio wangu. Kosa la kawaida ni kuufukia mche kina kuliko ulivyokuwa koponi ili usianguke. Mizizi mipya ya pamu hutoka kwenye kitako cha shina, na kitako kilichozikwa kwenye mfinyanzi hukosa hewa. Kwenye udongo wa Kano mimi hufanya kinyume: nainua tuta, napanda juu yake, naweka nyasi kavu pembeni bila kugusa shina. Na tazama juu kabla hujachimba. Roya haupandwi chini ya nyaya za umeme wala juu ya maegesho. Kuti lake moja linapodondoka na kishikizo chake lina uzito wa kuvunja kioo cha gari, na mtoto asiyeona juu yuko hatarini zaidi.

Tazama na ziwa pia. Mei 2020 Nam Lolwe, ziwa letu, ilipanda ikavuka kiwango cha 1964 kilichokuwa kikisimuliwa na wazee, ikaingia kwenye nyumba na migahawa ya ufukweni, na mwaka 2024 ikaja tena. Bustani nyingi za kando ya maji zilisimama mafurikoni kwa wiki nyingi. Areka hauwezi maisha hayo. Mkindu unaweza. Ni mti wa kingo za mito na vinamasi, ulioenea karibu Afrika yote ya joto hadi Madagaska na kusini mwa Arabuni, na umezoea miguu kuwa majini msimu mmoja na kwenye udongo mkavu msimu mwingine. Mashina yake huinama kila moja upande wake, kwa kundi, na mizizi yake hushika ukingo. Hata mji wa Makindu, njia ya Mombasa, umebeba jina lake. Chane zake ndizo wanawake wa Pwani huzisuka ukili wa mikeka. Ninapoona mwenye hoteli ufukweni ameagiza pamu ya Meksiko na kuacha mkindu, moyo unaniuma kweli. Tuna mti uliokulia kwenye maji haya, ndege wanaujua, matunda yake madogo ya rangi ya chungwa huliwa na nyani na watoto, nasi tunauita kichaka.

Siri yake ni kuwa una dume na jike. Ukitaka mbegu panda kadhaa, na uache nafasi, kwa kuwa miiba iliyo chini ya kuti ni mirefu na mikali. Sitakuambia uupande penye njia ya watoto kwenda shule.

Afya ya pamu husomwa kwenye majani, na ufunguo ni kuangalia kwanza ni jani la zamani au jipya linalougua. Majani ya chini, ya zamani, yakipata madoa ya rangi ya chungwa na ncha zikakauka kama zilizounguzwa, mti una njaa ya potasiamu. Yakiwa na ukanda mpana wa manjano pembeni huku katikati kukibaki kijani, ni magnesi. Jani jipya likitoka dogo, limekunjamana na kukauka, shaka kwanza manganizi. Haya si maradhi ya kupulizia dawa. Sisi huchukua mbolea tunayoijua, DAP ya kupandia mahindi, ambayo fosforasi yake imezidi mno, tukaimwaga kwenye pamu, na mti ukazidi kudhoofika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, ambako jimbo zima limejaa pamu, wanashauri mchanganyiko wa naitrojeni 8, fosforasi 2, potasiamu 12 na magnesi 4. Huenda usipate gunia lenye namba hizo Kibuye sokoni, lakini kanuni inabaki: potasiamu izidi, fosforasi iwe kidogo. Mboji ya magogo ya migomba, yenye potasiamu nyingi, inasaidia sana.

Na jani linapokuwa la manjano kwa njaa, usilikate. Mti unavuta potasiamu kutoka kwenye jani hilo la zamani kulisha moyo. Ukiliondoa, njaa huhamia jani la juu yake. Lakini kila panapokaribia sherehe utaona vijana juu ya ngazi wakikata makuti yote hadi yabaki matatu manne yaliyosimama kileleni kama ufagio. Mwenye nyumba huona usafi. Mimi huona mgonjwa aliyenyang'anywa akiba yake. Kata lililokauka kabisa, kahawia hadi kishikizoni, na uoshe panga kwa jiki kabla ya kwenda mti mwingine.

Adui mkubwa hula moyo. Ni mbawakawa mweusi mwenye pembe puani, ambaye Pwani humwita chonga. Hutoboa kwenye kitako cha makuti machanga usiku, na kuti linapofunguka wiki kadhaa baadaye huonyesha mkato wa pembetatu, kana kwamba fundi cherehani amelipitishia mkasi. Mabuu yake hukulia kwenye magogo yanayooza, marundo ya samadi, na makapi ya miwa yaliyoachwa yalowane. Mboji ile niliyoisifu hapo juu inaweza kuwa ndiyo shule yake ya malezi, kwa hiyo rundo langu nalipindua kila mwezi, na mabuu meupe manene nikiyakuta nawapa kuku. Aliyekwisha kuingia shinani hutolewa kwa waya wenye ndoana. Radi nayo ni ya bonde letu, na pamu ndefu mahali pa wazi huivuta. Makuti yote yakilegea ghafla siku chache baada ya dhoruba, hakuna la kufanya.

Osogo si ugonjwa. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka napata mtu anayetaka dawa ya kuwafukuza. Ndege hawa wa manjano wenye kichwa cheusi huja kwa mamia, huchana vijani vya pamu kuwa nyuzi, wakasuka viota vinavyoning'inia, hadi mti ukabaki na mifupa ya makuti. Mti mzima wenye lishe huvumilia na kutoa makuti mapya. Mche mdogo hauvumilii, kwa hiyo ufunike neti hadi msimu upite. Kuwafukuza kwa moshi na mawe nimeona watu wakifanya. Ndege walirudi kesho yake.

Mbegu za mikindu niliyoipanda upya baada ya ile tisa nilizipata ukingoni mwa ziwa, chini ya mkindu jike ambao mafuriko ya 2020 yaliuzunguka hadi kiunoni na haukufa. Niliokota konzi moja, nikawaachia ndege zilizobaki, nikazisugua kwa mchanga kama nilivyofundishwa. Zilichipua 14. Yule kijana bado huja kunipalilia, na sasa hupita kati ya makopo akitembea kwa ubavu. Mwezi uliopita alinipigia simu nikiwa kazini, akaniambia, mzee, kuna moja jani lake limeharibika, limechanika. Niliporudi nilipiga magoti kando ya kopo lile. Lilikuwa jani la saba, nalo lilikuwa limegawanyika kwenye ncha, vijani vinne vidogo kila upande, na kwenye kishikizo chake vilikuwa vimeanza kutokeza miiba.